Tails Kwenye Flashi Moja, Kumbukumbu za Kazi Kwenye Nyingine

Katika visiwa vyetu vya Zanzibar, kulificha jina la mtu hakutoshi kumficha mtu mwenyewe. Msaidizi wa sheria aliyeko Wete au Micheweni, kisiwani Pemba, anayepokea malalamiko ya udhalilishaji, anaweza kuandika kwamba mlalamikaji ni mtoto wa kike wa miaka 11, mama yake anauza samaki, baba yake yuko Dar es Salaam, kisha akaitaja shehia tu. Na yeyote wa shehia ile atakayeisoma karatasi hiyo ataijua nyumba inayozungumzwa. Kwa hiyo faili la kazi kama hiyo halifai kuachwa kwenye kompyuta ya afisi inayotumiwa na watu wanne, wala kwenye kompyuta mpakato ambayo jioni huchukuliwa na watoto kutazamia katuni. Nalisema hili mapema kwa sababu makala hii ni ya kiufundi, na ufundi bila kumkumbuka anayelindwa hugeuka haraka kuwa mapenzi ya vifaa.

Mojawapo ya zana zilizotengenezwa kwa watu wenye kazi za namna hii ni Tails, mfumo endeshi mzima unaokaa ndani ya flashi ya GB 8 au zaidi. Mtu huichomeka flashi, akaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo badala ya diski ya ndani, akafanya kazi yake, akazima. Windows iliyomo kwenye mashine haiguswi wala haijui kilichopita. Kila kinachofanywa hukaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo mfumo huifuta wakati wa kuzima, na mawasiliano yote ya intaneti hulazimishwa kupita kwenye mtandao wa Tor, ambao huyapitisha kwenye vituo vitatu ili anayeona yanakotoka asione yanakokwenda. Mradi huu ulianza mwaka 2009 juu ya msingi wa Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, ukajulikana duniani baada ya Edward Snowden, mvujishaji wa siri za ujasusi wa Marekani, na waandishi wa habari aliowakabidhi nyaraka mwaka 2013 kuutumia, na Septemba 2024 ukaungana rasmi na Mradi wa Tor. Toleo la 7.0, lililotoka Septemba 2025, linahitaji kompyuta yenye RAM ya angalau GB 3. Simu haziwezi kuiendesha, wala kompyuta za Apple zenye chipu za kampuni hiyo yenyewe. Za Apple zenye chipu za Intel zinaweza.

Kusahau huko ndiko kinga yake, na ndiko kunakoleta tatizo ninalotaka kulifafanua. Kesi ya udhalilishaji inaweza kuchukua miezi mingi kabla haijafika mwisho mahkamani, na maelezo yaliyochukuliwa siku ya kwanza yatahitajika siku ya mwisho, neno kwa neno. Mfumo unaofuta kila kitu unapozimwa hauwezi peke yake kuwa kabati la mtu mwenye wajibu wa kutunza kumbukumbu. Pahala fulani lazima pawepo data inayobaki, na data inayobaki lazima isimbwe, yaani igeuzwe kuwa vurugu la alama lisilosomeka kwa asiye na ufunguo. Swali ni pahala hapo pawe wapi.

Watengenezaji wa Tails wametoa jibu lao. Nafasi inayosalia kwenye flashi ileile ya mfumo inaweza kugeuzwa kuwa sehemu iliyosimbwa wanayoiita Persistent Storage, nami hapa nitaiita Hifadhi ya Kudumu. Ni ya hiari. Mtumiaji akiiunda, huchagua mwenyewe vitu vya kukumbukwa: folda ya nyaraka, neno la siri la Wi-Fi, printa, alamisho za kivinjari cha Tor, barua pepe za programu ya Thunderbird, funguo za GnuPG (programu ya kusimba ujumbe), programu za ziada. Kila anapowasha mashine, skrini ya kukaribisha humuuliza neno la siri la hifadhi hiyo. Akilitoa, vitu vyake vyote vinamrudia. Asipolitoa, anaendelea na Tails tupu isiyojua chochote. Kwa watu wengi hilo ni jibu zuri, na sitaki msomaji aondoke hapa akidhani kwamba lina kasoro ya kutisha.

Hata hivyo lina tabia tatu ambazo mtu anayetunza siri za wengine anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni kwamba Hifadhi ya Kudumu haijifichi. Haisomeki bila neno la siri, lakini yeyote atakayeichomeka flashi hiyo kwenye kompyuta yake ataona kwamba ipo, na ataona kwamba flashi yenyewe ni ya Tails. Ya pili ni kwamba ikishafunguliwa, imefunguliwa yote kwa muda wote wa kikao. Msaidizi wetu wa Wete akiiwasha Tails kwa ajili ya kusoma barua pepe tu, na akaifungua hifadhi ili aipate Thunderbird yake, basi maelezo ya walalamikaji wote wa miaka yote yako wazi wakati huohuo ambao anabofya viambatanisho vilivyotoka kwa watu asiowajua. Kiambatanisho kimoja kilichotegwa, kikipata upenyo kwenye programu yenye hitilafu, hakitakuta barua pepe peke yake.

Ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote, nayo haihusu majasusi hata kidogo. Mfumo na data vina maisha tofauti. Mfumo unaweza kupakuliwa upya wakati wowote bila malipo; ukiharibika, hasara yake ni muda na bando. Unasasishwa kila baada ya wiki chache, na kwa hiyo flashi yake huandikwa na kuandikwa tena. Hutolewa mfukoni, huchomekwa kwenye mashine za watu, husahauliwa mezani, huazimwa na mwenzako ili naye ajitengenezee ya kwake. Maelezo ya mtoto wa miaka 11 hayapakuliwi upya kutoka popote. Kuviweka vitu hivi viwili kwenye kipande kimoja cha plastiki ni kukiweka kisicho na mbadala chini ya misukosuko ya kile chenye mbadala.

Hapo ndipo linapokuja wazo la kutenga. Flashi ya kwanza inabeba Tails, pamoja na Hifadhi ya Kudumu ndogo kama inahitajika kwa ajili ya Wi-Fi, printa na funguo. Flashi ya pili, au diski ya nje, inabeba data peke yake, ikiwa imesimbwa mwanzo hadi mwisho, na haichomekwi ila pale kazi ya kesi inapofanywa. Barua pepe zikisomwa, flashi ya pili iko kwenye droo iliyofungwa. Siku ya kuandika maelezo, inachomekwa, inafunguliwa, inaandikwa, inafungwa. Tails ikipotea darini kwenye boti kati ya bandari za Malindi, Unguja, na Mkoani, Pemba, kilichopotea ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukipakua.

Ili kuielewa flashi ya pili, ni lazima kuielewa LUKS, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kusimba diski kwenye Linux na ndiyo inayotumiwa na Tails pande zote mbili. Watu wengi hudhani kwamba neno la siri wanaloliandika ndilo linalosimba data. Haliko hivyo. Diski inapoumbwa, kompyuta hutengeneza kwa bahati nasibu ufunguo mkuu mrefu, na ufunguo huo ndio unaosimba kila kitu kitakachoandikwa humo. Ufunguo mkuu haumjui mtu na hakuna mtu anayeujua. Neno lako la siri hutumika kuusimba ufunguo huo tu, na nakala yake iliyosimbwa huwekwa mwanzoni mwa diski, kwenye eneo linaloitwa kichwa, mfano wa ufunguo wa ghala uliotiwa ndani ya kasha dogo lenye kufuli yake. Kichwa hicho kina nafasi kadhaa, nane katika toleo la kwanza la LUKS na hadi 32 katika toleo la pili, kwa hiyo diski moja inaweza kufunguliwa kwa maneno ya siri zaidi ya moja: lako, na la mwenzako mnayeaminiana katika jumuiya.

Mpango huu una matokeo mawili ambayo hayasemwi vya kutosha. Kwanza, kichwa kikiharibika, data yote imekwenda hata kama neno la siri unalikumbuka vizuri, kwa sababu neno hilo halina tena cha kufungua. Pili, kubadilisha neno la siri hakubadilishi ufunguo mkuu. Tuseme mtu aliwahi kuichukua flashi yako kwa saa moja akainakili nzima, kisha baadaye akalijua neno lako la zamani. Wewe umeshalibadilisha, unajiona umesalimika. Lakini yeye anayo nakala ya kichwa cha zamani, na kichwa hicho kinafunguka kwa neno la zamani, na ufunguo mkuu atakaoupata humo ni uleule unaofungua hata yale uliyoyaandika jana, endapo ataipata tena flashi. Ukishuku kwamba flashi iliwahi kuwa mikononi mwa mtu na neno la siri limevuja, usilibadilishe tu. Tengeneza diski mpya iliyosimbwa upya, hamishia data humo, na ile ya zamani iteketeze.

Kati ya neno la siri na kasha lile dogo kuna hatua moja zaidi, na historia yake ya karibuni inamhusu moja kwa moja mtu aliyeamua kutenga data. Ili anayebahatisha maneno asiweze kujaribu mamilioni kwa sekunde, LUKS hulipitisha neno la siri kwenye hesabu ndefu kwa makusudi. Toleo la kwanza lilitumia hesabu iitwayo PBKDF2, ambayo inachosha kichakataji cha kompyuta lakini haili RAM, na kwa hiyo mwenye kadi nyingi za michoro anaweza kuzipanga zikabahatisha kwa pamoja kwa gharama ndogo. Toleo la pili hutumia Argon2id, ya familia ya Argon2 iliyoshinda shindano la kimataifa la hesabu za namna hii mwaka 2015. Hii hudai RAM nyingi kwa kila jaribio moja, hadi kiasi cha GB 1, na RAM ndiyo kitu ambacho kadi za michoro haziwezi kukigawa kwa maelfu ya majaribio ya wakati mmoja.

Tails ilihamia LUKS ya toleo la pili na Argon2id katika toleo lake la 5.13, Mei 2023. Muda mfupi baadaye, toleo la 5.14 likaanza kuzihamisha Hifadhi za Kudumu za zamani moja kwa moja, bila mtumiaji kufanya lolote zaidi ya kuifungua hifadhi yake. Lakini flashi za data zilizotengwa hazikuhamishwa. Mfumo hauwezi kwenda kutafuta flashi iliyoko kwenye droo ya mtu. Aliyeitengeneza flashi yake ya pili kwa Tails ya 5.12 au ya kabla yake, na hajaigusa muundo wake tangu wakati huo, bado yuko kwenye kinga ya zamani, nayo ni dhaifu ikiwa neno lake la siri ni fupi. Huu ndio upande wa pili wa kutenga: kinachokaa nje ya mfumo hakitunzwi na mfumo, na mwenyewe ndiye mlinzi wake. Njia salama kwa asiyezoea amri za terminali ni kuunda flashi mpya kwa Tails ya sasa na kunakili data humo.

Kuiunda si kazi ngumu. Ndani ya Tails kuna programu iitwayo Disks. Flashi ikichomekwa huonekana upande wa kushoto pamoja na ukubwa wake, na hapa naomba subira kubwa kuliko pahala popote, kwa kuwa Disks itaifuta bila huruma flashi yoyote utakayoichagua, ikiwemo usiyoikusudia. Hakikisha ukubwa na jina kabla ya kubonyeza. Kisha huumbwa sehemu mpya, mtumiaji huchagua mpangilio wa faili wa Ext4, hutia alama kwenye kisanduku cha LUKS, na huandika neno la siri mara mbili. Kuanzia hapo, kila ukiichomeka, Tails itakuomba neno hilo, na ukimaliza unaitoa kwa alama ya kutolea iliyo pembeni mwa jina lake kwenye kidirisha cha faili, unasubiri, ndipo unaichomoa.

Kuhusu neno la siri lenyewe, ushauri wa watengenezaji wa Tails ni maneno matano hadi saba yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na sababu yake ni hesabu: orodha ya kawaida ya maneno yanayochaguliwa kwa kurusha dadu ina maneno 7,776, na matano kati yake yakichaguliwa bila mpango hutoa michanganyiko zaidi ya bilioni bilioni 28. Nguvu iko kwenye bahati nasibu. Methali haifai hata ikiwa ndefu, wala aya, wala mstari wa utenzi, wala wimbo wa taarab unaoupenda, maana vyote hivyo vimeshaandikwa pahala na vinaweza kuingizwa kwenye orodha ya kubahatishia. KeePassXC, programu ya kutunza maneno ya siri iliyomo ndani ya Tails, inaweza kukutengenezea maneno hayo.

Je, neno la siri la flashi ya data lihifadhiwe ndani ya KeePassXC, kwenye Hifadhi ya Kudumu ya flashi ya mfumo? Wapo wanaopenda hivyo, kwa kuwa anayeiba flashi ya data peke yake hatakuta neno dhaifu la kubahatisha. Mimi sipendekezi kwa mtu mwenye nakala moja tu ya flashi ya mfumo. Tumeshasema kwamba flashi hiyo ndiyo inayopata misukosuko. Kuifanya iwe ndiyo mshika ufunguo wa kile kisicho na mbadala ni kuvirudisha pamoja vitu tulivyovitenga. Neno la flashi ya data likae kichwani mwa watu wawili, kila mmoja na nafasi yake kwenye kichwa cha LUKS.

Flashi yenyewe inunuliwe kwa uangalifu. Sokoni Darajani, kama ilivyo Kariakoo na kwengineko duniani, huweza kupatikana flashi iliyoandikwa GB 128 ambayo ndani yake mna GB 8 tu za kweli, na programu ya udhibiti iliyomo imechezewa ili iidanganye kompyuta. Faili zinapozidi nafasi halisi, flashi inaendelea kukubali kuandikiwa na kuonesha majina ya faili, huku vilivyomo vikipotea. Kwenye flashi ya picha za harusi hilo ni msiba. Kwenye flashi iliyosimbwa ni msiba usio na tanzia, kwa sababu hakuna programu ya kuokoa faili inayoweza kuokota vipande vya data iliyosimbwa na kuvijua ni vya nini. Kabla ya kuisimba, ijaze na uisome tena. Kwenye Linux ipo programu ya f3 kwa kazi hiyo, na kwenye Windows ipo H2testw. Zote huandika flashi mpaka ijae kisha hukagua kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Inachukua saa nyingi kwa flashi kubwa, na ni saa za halali.

Jambo jengine la kwetu ni umeme. Zanzibar iliwahi kukaa gizani takriban miezi mitatu, kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu ya njia ya umeme unaotoka Bara, na hata leo kukatika kwa dakika chache hakumshangazi mtu. Kompyuta mpakato yenye betri iliyokufa, inayoishi kwa waya, huzimika papo hapo umeme unapokwenda. Tails haina cha kuhofia katika kuzimika huko, kwani kusahau ndiyo kazi yake. Flashi ya data iliyokuwa ikiandikwa wakati huo inacho. Hii ndiyo sababu nimetaja Ext4, ambayo huweka daftari la mabadiliko kabla ya kuyatekeleza na kwa hiyo huinuka vizuri zaidi baada ya kukatika kuliko FAT32, ambayo pia haipokei faili moja la zaidi ya GB 4. Tumia mashine yenye betri inayoshika chaji, hata kidogo. Na flashi isichomolewe kwa pupa: ukiichomoa ya Tails, mfumo unajizima wenyewe kwa dharura, na hiyo ni kinga iliyokusudiwa, ukiichomoa ya data katikati ya kuandika, hakuna aliyekusudia wema wowote.

Ext4 na LUKS zina gharama moja: Windows haizisomi. Gharama hii ina sura ambayo kila aliyewahi kupeleka flashi kwenye duka la steshenari kuchapisha karatasi anaweza kuipata. Flashi iliyosimbwa inachomekwa kwenye mashine ya duka, Windows haielewi ilichokiona, na inaleta kidirisha kinachosema kwamba diski hii lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, na kitufe cha kufomati kiko palepale. Kijana wa dukani, kwa nia njema kabisa ya kukusaidia, anabonyeza. Ufomati wa haraka huchukua sekunde chache na huandika mwanzoni mwa sehemu ya diski, yaani palepale kilipo kichwa cha LUKS. Baada ya hapo huenda data yote bado ipo kwenye chipu, nzima, na haifunguki milele. Kwa hiyo flashi ya data isitembee kwenda kuchapisha. Kinachotakiwa kuchapishwa kinakiliwe kwenye flashi nyengine ya kawaida, kiwe ni hicho tu, na kifutwe baadaye.

Wapo watakaosema kwamba VeraCrypt, programu nyengine ya kusimba diski, inalitatua hilo, kwa kuwa inafunguka kwenye Windows, na Tails tangu toleo la 3.9 la mwaka 2018 inaweza kufungua diski zake, ingawa haiziundi. Ni kweli, na VeraCrypt ina kitu ambacho LUKS haina, yaani uwezo wa kuificha diski moja ndani ya nyengine kiasi kwamba uwepo wake hauthibitiki kirahisi. Lakini mtu akiifungua data yake kwenye Windows ya afisi, ameshaitoa kwenye kinga aliyoijenga. Windows huandika orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni, hutengeneza picha ndogo za hakikisho, humwaga vipande vya RAM kwenye diski ya ndani, na jina la faili lenye shehia na umri wa mtoto linabaki pale baada ya flashi kuondoka. Ningeitumia VeraCrypt kumkabidhi mwanasheria wa Unguja faili fulani siku fulani, si kama kabati la kila siku.

Ndani ya Tails yenyewe, alama hizo huangukia kwenye RAM na hupotea. Faili likifunguliwa moja kwa moja kutoka flashi ya data na kuhifadhiwa humohumo, mashine haibaki na kitu. Kuna jambo dogo la kuangalia: ukifuta faili lililo kwenye flashi, haliondoki, bali huhamia kwenye folda iliyofichwa hapohapo, iitwayo .Trash-1000. Bado limesimbwa, lakini lipo, na utakapompa mwenzako neno la siri utampa na yale uliyodhani umeyafuta. Liondoe kwa kumwaga pipa la taka flashi ikiwa imechomekwa.

Nakala ya akiba ni sharti, na hapa jiografia yetu inatusaidia: flashi mbili za data zilizosimbwa sawasawa, moja Pemba na moja Unguja, hazitaungua kwenye moto mmoja. Hewa ya chumvi hula ncha za shaba, kwa hiyo zikae kwenye mfuko mkavu uliofungwa, na zichomekwe mara kwa mara zikaguliwe kama bado zinasomeka. Nakala ikitengenezwa kwa kunakili faili kutoka flashi moja iliyofunguliwa kwenda nyengine iliyofunguliwa, kila moja inakuwa na ufunguo mkuu wake, na hiyo ni bora kuliko kunakili diski nzima kwa pamoja.

Kuhusu sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kusimba ni mojawapo ya njia za wazi za kutimiza wajibu huo. Upande wa mtandao ni mwembamba zaidi: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili, na mtu anayetaka kutumia Tor anapaswa kushauriana na mwanasheria kuhusu hali yake. Lakini kwa kazi ninayoieleza hapa intaneti haihitajiki. Skrini ya kukaribisha ya Tails ina chaguo la kuzima mtandao wote kwa kikao kizima, na kwa kuandika na kusoma maelezo ya kesi, hilo ndilo chaguo ninalolipendekeza siku zote. Ijulikane pia kwamba hakuna usimbaji unaomlinda mtu dhidi ya kushurutishwa kutoa neno la siri, kwa amri au kwa vitisho. Unailinda flashi iliyopotea, iliyoibiwa, au iliyopekuliwa na mtu asiye na haki nayo.

Si kila mtu anahitaji flashi mbili. Mwanafunzi wa chuo anayetumia Tails kwa utafiti wake, mwenye faili chache na neno la siri zuri, atapata usumbufu zaidi kuliko faida. Hifadhi ya Kudumu inamtosha, mradi awe na nakala yake kwenye flashi nyengine ya Tails. Kutenga kunamfaa mwenye data nyingi, au data ya watu wengine, au anayechanganya kwenye mashine moja kazi ya siri na mawasiliano ya kawaida.

Flashi ya data ikizeeka, isitupwe wala kugawiwa. Kumbukumbu za aina hii hutawanya maandishi kwenye seli tofauti ili zisichakae upande mmoja, kwa hiyo kufuta au hata kuandika juu yake hakuhakikishi kwamba cha zamani kimeondoka. Ikiwa neno la siri lilikuwa refu na halikuvuja, mabaki hayo hayasomeki, na inatosha kuzifuta zile nafasi za ufunguo kwenye kichwa cha LUKS kwa amri ya luksErase ya programu ya cryptsetup. Ikiwa neno lilikuwa fupi, au kuna shaka lilijulikana, kipasue kifuniko, utafute kile kipande cheusi cha mraba kilichoshikamana na ubao, na kivunjwe hicho chenyewe, kwa sababu kuvunja ncha ya kuchomekea kunamzuia mtu kuichomeka tu, na fundi mwenye vifaa anaweza kuisoma chipu bila ya ncha hiyo.